Normal.dotm ilisingiziwa: uchambuzi wa kisa cha makro zisizobanduka

Malalamiko yalikuwa matatu, lakini yaliletwa kama tatizo moja lenye jina moja: "Word imeingiwa na kirusi."

La kwanza, kila waraka mpya uliofunguliwa kwa Ctrl+N ulitokea ukiwa na kichwa cha barua cha zamani, chenye nembo na anwani ambazo ofisi ilishaziacha kitambo. La pili, ukibonyeza Ctrl+S, badala ya waraka kuhifadhiwa, kinatokea kidirisha kinachodai namba ya kumbukumbu ya barua. Ukiijaza, unakutana na ujumbe wa kosa, Run-time error 76, Path not found, na kazi yako inabaki vilevile bila kuhifadhiwa. La tatu, barua za zamani za folda moja tu zilikuwa zinafunguka kwa kusuasua, unabofya na kusubiri hadi unadhani kompyuta imeganda, ilhali mafaili mengine ya kompyuta hiyohiyo yanafunguka papo hapo.

Fundi wa ofisi alikuwa ameshapita njia wanayopita wengi. Alipitisha antivairasi, haikuona kitu. Akafanya ukarabati wa Office kupitia Control Panel, haukubadilisha kitu. Akamfungulia katibu muhtasi, mtumiaji wa kompyuta hiyo, akaunti mpya kabisa ya Windows, na humo pia kichwa cha barua kikajitokeza. Katikati ya yote hayo alikuwa anaifuta Normal.dotm, faili la kiolezo (template) ambalo Word huzalia kila waraka mtupu, kwa sababu ukiuliza popote kuhusu Word yenye vituko, jibu la kwanza utakalopewa ni hilo.

"Kaka, nimeifuta hiyo Normal mpaka nimechoka," aliniambia. "Ukifungua tu Word, kichwa kimerudi."

Ushahidi wote ulikuwa kwenye sentensi yake ya pili. Normal.dotm ikifutwa, Word huunda nyingine tupu. Kama hiyo tupu nayo inajikuta na uchafu uleule mara tu Word inapowaka, basi Normal siyo chanzo. Kuna mwingine anayeandika ndani yake, na kuifuta ni sawa na kupiga deki huku bomba linavuja. Swali la kujiuliza halikuwa "nifute nini?" bali "nani anaandika humu, na anakaa wapi?"

Mahali makro inapoweza kujificha

Makro ni programu ndogo inayoendeshwa ndani ya Word. Kitu kinachojitokeza kwenye waraka wako bila wewe kukiandika kina sehemu chache tu za kutokea. Kinaweza kuwa ndani ya waraka wenyewe, kama ni .docm au .doc ya zamani, aina za faili zinazoweza kubeba makro. Kinaweza kutoka kwenye kiolezo ambacho waraka umeunganishwa nacho. Kinaweza kuwa Normal.dotm, kiolezo ambacho kila waraka mtupu huzaliwa nacho, na ambacho hukaa kwenye %appdata%\Microsoft\Templates, folda ya mtumiaji mmoja mmoja. Kinaweza kuwa kiolezo cha jumla, yaani faili la .dotm au .dot lililowekwa kwenye folda iitwayo STARTUP, ambalo Word hulipakia kila inapowaka bila kukuuliza. Mwishoni kabisa kuna programu-jalizi za COM. Hizo si violezo, ni programu zilizosajiliwa kwenye rejista ya Windows.

Makosa mengi ya utatuzi wa jambo hili hutokana na kuruka moja kwa moja kwenye Normal kwa sababu ndiyo inayojulikana kwa jina. Normal ni rahisi kuchafuliwa. Hilo halimaanishi kwamba ndiyo inayochafua.

Ukarabati wa Office ulishindwa kwa sababu hiyohiyo. Kazi yake ni kurudisha mafaili ya Office yaliyoharibika au kupotea. Haugusi violezo vya mtumiaji, na haujishughulishi na faili geni lililowekwa na programu nyingine. Hapa hakuna faili la Office lililokuwa limeharibika. Kulikuwa na faili la ziada.

Majaribio, bila kufuta chochote

Tulianza na winword /a, iliyoandikwa kwenye kidirisha cha Run kinachofunguka kwa Windows+R. Swichi hiyo huiamuru Word iwake bila programu-jalizi na bila violezo vya jumla, Normal ikiwemo. Ctrl+N ikatoa ukurasa mweupe. Ctrl+S ikaleta dirisha la kawaida la kuhifadhi. Kwa hiyo Word yenyewe ilikuwa nzima, na habari ya ukarabati ikafungwa hapo.

Kisha tuliifungua Word kawaida na kwenda kuitazama Normal.dotm kwa macho. Hapa pana mtego mdogo: ukiibofya mara mbili kwenye folda, hufungui kiolezo bali unazaa waraka mpya unaotokana nacho. Lazima uifungue kwa File, Open, ukiwa ndani ya Word. Tulipoifungua, ukurasa ulikuwa mtupu, bila kichwa cha barua, bila nembo. Lakini Ctrl+N, Word ileile, ikatoa kichwa.

Hili ni jambo la kulitazama polepole. Kama kichwa hakimo kwenye kiolezo lakini kimo kwenye waraka uliozaliwa nacho sekunde moja iliyopita, basi kimeandikwa baada ya kuzaliwa. Word inaweza kukuthibitishia hilo kwa njia ambayo wengi hawaifikirii: mshale mdogo ulio pembeni ya kitufe cha kutengua (Undo). Waraka mpya ambao hujaugusa hauna cha kutengua. Wa kwetu ulikuwa na orodha nzima, na kila mstari ulianza na herufi VBA-, jina la lugha inayoandikiwa makro. Yaani kabla katibu hajagusa kibodi, makro ilikuwa imeshamaliza kazi yake.

Alt+F11 ikafungua kihariri cha makro. Kushoto, chini ya Normal, kwenye Modules, kulikuwa na moduli moja, yaani kifurushi cha msimbo wa makro: modBarua. Ndani yake taratibu mbili, AutoNew na FileSave. Majina haya hayakuchaguliwa kwa bahati. AutoNew ni jina ambalo Word huliendesha yenyewe waraka mpya unapozaliwa, kama ilivyo AutoOpen waraka unapofunguliwa na AutoClose unapofungwa. FileSave ni hadithi tofauti kidogo: ni jina la amri ya ndani ya Word yenyewe. Ukiandika makro yenye jina la amri, makro yako ndiyo itakayotumika badala ya amri. Ndiyo maana Ctrl+S na kitufe cha kuhifadhi vyote viliishia kwenye kidirisha cha namba ya kumbukumbu, wakati F12, inayoita FileSaveAs, ilikuwa inafanya kazi bila tatizo. Katibu alishaligundua hilo mwenyewe, na kwa muda wote huo alikuwa anahifadhi kwa F12. Hakuna aliyemuuliza. Angeulizwa, jibu lake lingetosha kumwambia fundi kwamba hapa pana makro na si kirusi cha ajabu.

Fundi alitaka kuifuta moduli palepale. Tukangoja. Tulifunga Word, tukaibadilisha jina Normal.dotm kuwa Normal.zamani, kisha tukawasha Word kwa winword /m. Swichi ya /m huiacha Word ipakie kila kitu kama kawaida, ila inaizuia kuendesha makro iitwayo AutoExec, ile inayojiendesha Word inapowaka. Alt+F11: Normal mpya haina moduli yoyote. Tukafunga, tukawasha Word kawaida. Alt+F11: modBarua hiyo hapo.

Tofauti kati ya kuwasha huku na kule ilikuwa AutoExec peke yake. Kubahatisha kukaishia hapo.

Kitu kimoja kilimsumbua fundi katika jaribio hilo, na nadhani ndicho kinachofundisha zaidi kuliko vyote. Chini ya /m, Ctrl+N ilikuwa safi lakini Ctrl+S bado ilileta kidirisha. Normal tupu, moduli haipo, na bado FileSave inajibu. Vipi? Kwa sababu chanzo, kiolezo cha jumla, kilikuwa bado kimepakiwa, na makro zenye majina ya amri hufanya kazi zikiwa ndani ya kiolezo cha jumla. AutoNew haifanyi hivyo. AutoNew, AutoOpen na AutoClose zikikaa kwenye kiolezo cha jumla zinalala tu. Ili ziamke lazima ziwe ndani ya waraka wenyewe, kiolezo ulichounganishwa nacho, au Normal. Kwenye STARTUP zinazojiendesha ni AutoExec na AutoExit.

Hapo ukaonekana wazi ujanja wa aliyeziandika makro hizi. Alitaka kila waraka mpya upate kichwa cha barua. Akaona AutoNew yake haiamki kutoka STARTUP. Badala ya kutafuta njia ya kistaarabu, akaweka mstari mmoja kwenye AutoExec:

Application.OrganizerCopy Source:=ThisDocument.FullName, Destination:=NormalTemplate.FullName, Name:="modBarua", Object:=wdOrganizerObjectProjectItems

Maana yake: chukua moduli modBarua kutoka humu, iweke kwenye Normal ya mtumiaji. Kila Word inapowaka. Ndiyo maana kufuta hakukusaidia na kusingesaidia kamwe.

Faili lenyewe lilikuwa wapi

Fundi alishaitazama %appdata%\Microsoft\Word\STARTUP na kuikuta tupu, akahitimisha kwamba hakuna kiolezo cha jumla. Lakini folda ya aina hiyo si moja. Ipo ya mtumiaji, na ipo ya programu, ambayo kwenye kompyuta hii ilikuwa C:\Program Files\Microsoft Office\root\Office16\STARTUP. Hiyo ya pili humhudumia kila anayeingia kwenye kompyuta, na ndiyo iliyofanya akaunti mpya ya Windows nayo iwe na "kirusi". Tena, folda ya mtumiaji yenyewe inaweza kuhamishwa kwenda kokote, hata kwenye seva, kupitia File, Options, Advanced, File Locations, mstari wa Startup. Kwa hiyo usiitafute kwa mazoea. Iulize Word.

Word inajibu kwenye File, Options, Add-ins. Kuna jedwali la vilivyopakiwa, likionyesha jina, mahali na aina. Safu ya mahali huwa imebanwa na kukatwa, ila ukibofya mstari wenyewe, njia kamili inaonekana chini. Tulikuta faili la .dotm lenye aina ya Template, likiwa limekaa kwenye STARTUP ya Program Files. Lilikuwa la programu ndogo ya kusajili barua ambayo ofisi iliwahi kuitumia na baadaye kuiondoa. Programu iliondoka, kiolezo chake kikabaki, na folda ya seva kilichokuwa kinaitafuta nayo ikafutwa. Kosa namba 76 lilikuwa linasema ukweli mtupu: njia haipo.

Inabaki hoja ya usalama. Kwa nini Word haikutoa onyo lolote, ile bendera ya njano inayosema makro zimezimwa? Kwa sababu folda ya violezo vya mtumiaji na folda za STARTUP zimo, kwa chaguo-msingi, kwenye orodha ya maeneo yanayoaminika. Makro iliyoko humo haiombi ruhusa. Hata zuio ambalo Microsoft ilianza kulisambaza mwaka 2022, linalozima makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, haliligusi jambo hili, kwa kuwa zuio hilo hutegemea alama ambayo Windows hulibandika faili lililopakuliwa. Faili lililowekwa na kisakinishi cha programu halina alama hiyo, na likishakaa kwenye eneo linaloaminika halihojiwi.

Antivairasi nayo ilikuwa kimya kwa haki: faili lile halikuwa na nia mbaya. Lakini tabia ni ileile iliyowafanya virusi vya makro wavume. Concept ya mwaka 1995 ilijinakili kwenye Normal ya wakati huo, Normal.dot, kisha ikaishika amri ya FileSaveAs ili kila waraka uliohifadhiwa ubebe nakala yake. Melissa, Machi 1999, ilijituma kwa barua pepe kwa anwani 50 za mwanzo za kila kitabu cha anwani cha Outlook, kisha nayo ikaichafua Normal. Kwa hiyo fundi hakuwa mjinga kusema kirusi. Aliona kitu kinachoenenda kama kirusi. Tofauti ilikuwa kwenye nani aliyekileta.

Kuondoa, kwa mpangilio wake

Mpangilio una maana hapa. Ukianza kusafisha Normal kabla ya kukiondoa chanzo, unarudi mwanzo. Tulifunga Word, na Outlook pia, kwa kuwa Outlook ya zamani (classic) hutumia Word kuandikia barua na inaweza kuyashikilia mafaili. Kisha lile .dotm la STARTUP likahamishiwa kwenye folda ya nje na kubadilishwa kiendelezi; Windows iliomba ruhusa ya msimamizi, kama inavyostahili kwa chochote kilichomo Program Files. Halikufutwa. Faili la aina hii huweza kuwa na kazi nyingine ambayo mtu wa idara ya pili anaitegemea kimyakimya, na hilo utalijua siku atakapopiga simu.

Ndipo ikafuata Normal. Niliitaka ileile ya katibu, Normal.zamani, irudishiwe jina lake, na si hii mpya tupu. Watu huichukulia Normal kama takataka inayozaliwa upya, lakini kwa mtu anayeshinda kwenye Word ni kabati la kazi: mitindo aliyoirekebisha, njia za mkato za kibodi alizojiwekea, na vifungu vya AutoText, yale maneno marefu yanayojaa kwa kuandika herufi chache. Hivyo vyote hukaa humo. Masahihisho ya kawaida ya AutoCorrect yasiyo na mapambo yapo kwenye mafaili ya .acl, hayakuwa hatarini. Vifungu vya AutoText vya katibu, kwa upande mwingine, vilishapotea kwenye kufuta kule kwa mwanzo, na hakuna aliyekuwa ameunganisha mambo hayo mawili. Yeye alidhani ni kirusi hichohicho kimemlia vifungu vyake.

Kwa bahati nzuri Normal ya kwanza kabisa ilikuwa bado kwenye pipa la taka la Windows. Tuliirudisha kwa jina jingine, tukaifungua na kuiondolea modBarua, kisha tukaipakia kama kiolezo cha ziada kupitia kichupo cha Developer, Document Template, Add. Vifungu vyake vikaonekana kwenye Building Blocks Organizer, iliyo chini ya Insert, Quick Parts. Humo unaweza kuhariri sifa za kifungu kimojakimoja na kubadilisha mahali kinapohifadhiwa kuwa Normal. Ni kazi ya kuchosha, inafanywa kimoja baada ya kingine. Katibu alichagua mwenyewe vile anavyovihitaji na vingine akaviacha.

Kuiondoa moduli kwenye Normal ya sasa ni dakika moja: Alt+F11, bofya kulia modBarua, Remove. Word inauliza kama unataka kuitoa nje kama faili kabla ya kuiondoa. Tulisema ndiyo, ili msimbo ubaki kama kielelezo. Jambo ambalo ni rahisi kulisahau ni akaunti nyingine. STARTUP ya Program Files ilimhudumia kila mtu aliyewahi kuwasha Word kwenye kompyuta hiyo, kwa hiyo kila Normal ya kila akaunti ilikuwa na nakala yake, pamoja na ile akaunti mpya ya majaribio. Chanzo kikiondoka, nakala hizo haziondoki zenyewe.

Kama kinga, wapo wanaoshauri Normal.dotm iwekewe sifa ya kusomwa tu. Siungi mkono. Unamzuia mvamizi na mwenye nyumba kwa pamoja, na siku katibu atakapoongeza kifungu kipya Word itamletea usumbufu mwingine asiouelewa. Nilichopendelea ni File, Options, Advanced, sehemu ya Save, na kuweka tiki kwenye Prompt before saving Normal template. Tangu hapo, chochote kikiigusa Normal, Word inauliza wakati wa kufunga. Kama hukubadilisha mtindo wala kifungu na bado inauliza, una mgeni.

Barua zilizokwisha kuhifadhiwa na kichwa cha zamani zilibaki nacho. Hicho sasa ni maandishi ya kawaida ndani ya waraka, na hakuna kuondoa kiolezo kutakakokifuta.

Barua zinazosuasua: kisa ndani ya kisa

Malalamiko ya tatu hayakuhusiana na makro hata kidogo, ingawa yalizaliwa na programu ileile. Hata baada ya kila kitu kusafishwa, barua za folda ile zilisuasua vilevile.

Faili la .docx ni zipu lenye mafaili ya XML ndani. Tulichukua nakala ya barua moja, tukabadilisha kiendelezi kuwa .zip, tukaingia word, kisha _rels, tukafungua settings.xml.rels kwa Notepad. Kulikuwa na uhusiano mmoja wa aina ya attachedTemplate, na mwisho wake ulisomeka hivi: Target="file:///\\SEVA2\violezo\barua.dotm" TargetMode="External". SEVA2 ilishazimwa. Kila barua ilipofunguliwa, Word ilikwenda kuitafuta, Windows ikabisha hodi kwenye mtandao mpaka ikakata tamaa, ndipo waraka ukafunguka. Haikutoa kosa lolote, kwa hiyo mtumiaji anaona uzito tu.

Mstari huo unastahili kutazamwa hata na mtu asiye na tatizo la kasi. Ukikuta Target inaanza na http na inaelekea kwenye anwani usiyoijua, simama. Hiyo ni mbinu inayojulikana ya uvamizi, imeorodheshwa kwenye MITRE ATT&CK, orodha ya umma ya mbinu za wavamizi wa kompyuta, kwa namba T1221: waraka wa .docx, ambao peke yake hauwezi kubeba makro, unavuta kiolezo cha mbali kinachozibeba. Waraka unaonekana msafi kwa sababu mzigo haumo ndani yake. Ukiikuta hali hiyo, kazi si ya kusafisha tena. Mpe anayehusika na usalama.

Kwa barua moja au mbili, dawa ni kichupo cha Developer, Document Template, kufuta njia iliyoandikwa na kuandika Normal. Kwa folda nzima inahitajika makro fupi ya kufungua kila faili, kubadilisha na kuhifadhi, ila kila faili litasubiri seva iliyokufa kabla ya kufunguka. Njia tuliyotumia ni kuandika jina la seva hiyo kwenye hosts, faili la Windows linaloiambia kompyuta jina fulani lina anwani ipi, likielekezwa 127.0.0.1, anwani ya kompyuta yenyewe. Kompyuta ikajijibu yenyewe mara moja kwamba kiolezo hakipo, na mafaili yakafunguka bila kungoja. Mstari huo uliondolewa kazi ilipokwisha. Ukiuacha, siku jina hilo litakapopewa seva mpya mtu atapoteza saa nyingi akitafuta kwa nini kompyuta moja tu haiioni.

Ndani ya makro, kabla ya kuweka ActiveDocument.AttachedTemplate = NormalTemplate, tulitanguliza ActiveDocument.UpdateStylesOnOpen = False. Baadhi ya barua zilikuwa na tiki ya kusasisha mitindo kila zinapofunguliwa. Ukiziunganisha na Normal huku tiki ingali pale, fonti na nafasi za mistari za Normal zitaivaa barua iliyotumwa miaka iliyopita, na nakala ya kumbukumbu haitafanana tena na karatasi aliyonayo mpokeaji.

Makro ilipitishwa kwenye nakala ya folda, si kwenye folda yenyewe, kwa kuwa kuhifadhi hubadilisha tarehe za mafaili na katibu huzipanga barua zake kwa tarehe. Alizilinganisha chache kabla ya kukubali folda ibadilishwe. Zilizokuwa na saini ya kidijitali hazikuguswa, maana badiliko lolote, hata la mstari mmoja wa kiolezo, huibatilisha saini. Hizo bado zinasuasua, na zitaachwa hivyo.